Kasongo 1894: Mashtaka Bila Mwendesha Mashtaka

Tarehe 22 Aprili 1893 askari wa Dola Huru ya Kongo, wakiongozwa na Francis Dhanis, waliingia Kasongo. Mapigano hayakuchukua muda. Sefu, mwana wa Tippu Tip na mkuu wa mji, alitoroka na waliomfuata, akaacha nyuma utajiri ambao washindi hawakutarajia kuukuta katikati ya bara. Sidney Hinde, daktari Mwingereza aliyelitumikia jeshi hilo, aliandika habari za magodoro ya hariri, sukari, mishumaa, vyombo vya kioo, mashamba ya mpunga na mahindi, na michungwa iliyozaa. Katika nyara hizo vilionekana pia vitu vya mtu ambaye Ulaya nzima ilikuwa ikiulizia habari zake: Emin Pasha.

Mwaka uliofuata watu wawili walinyongwa Kasongo kwa kosa la kumuua Emin. Aliyewafuatilia, akawahoji na kuandika maungamo yao hakuwa hakimu wala mwendesha mashtaka. Alikuwa wakala wa biashara wa serikali ya Marekani, na jina lake ni Richard Dorsey Mohun. Kesi hiyo ndogo ilifungua njia ya kesi nyingine, nayo ikafungua ya tatu, hata mwaka 1896 afisa wa Kibelgiji akasimama kizimbani Boma, upande wa pili wa nchi. Katika mlolongo huo wote lilikuwapo swali moja: nani alistahili sheria iliyokamilika, yenye mshtaki, mtetezi na rufaa, na nani alionekana kutosha kwa kamba peke yake?

Kabla ya Dola

Isidhaniwe kwamba Kasongo ya Waarabu na waungwana haikujua hukumu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, alipojiimarisha Manyema katika miaka ya 1870, alikuwa mfanyabiashara, kiongozi wa vita na mwamuzi wa mashauri kwa pamoja. Madeni ya pembe na baruti yaliandikwa kwa hati za Kiarabu, na wenye kukopeshana walijua kwamba shauri lililoshindikana bara lingeweza kumaliziwa Unguja, alikokaa Taria Topan, tajiri wa Kihindi aliyegharamia misafara mingi. Lakini hukumu hiyo ilikuwa ya wenye mali. Mwanakijiji aliyechomewa nyumba yake kando ya Lualaba, akafungwa kamba shingoni na kuuzwa, hakuwa na baraza la kumsikiliza.

Wakubwa wa Kasongo walifahamu hata mahakama za Wazungu. Februari 1887, Unguja, Henry Morton Stanley alipatana na Tippu Tip ampatie wapagazi 600 kwa ajili ya msafara wa kwenda kumwokoa Emin Pasha, gavana wa Ikwatoria aliyekuwa amezingirwa na wafuasi wa Mahdi. Wakati huo huo Tippu Tip alikubali kuwa gavana wa Stanley Falls kwa niaba ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, mwenye Dola hiyo. Wapagazi walichelewa, na waliofika walikuwa pungufu. Kikosi cha nyuma cha msafara kikateketea kwa njaa na maradhi, na mkuu wake, Meja Barttelot, akauawa mwaka 1888. Stanley aliporudi pwani mwishoni mwa 1889, alifungua madai katika mahakama ya konsuli wa Uingereza Unguja akitaka fidia ya pauni 10,000, na fedha za Tippu Tip zilizokuwa mikononi mwa Taria Topan zikazuiwa.

Tippu Tip hakupuuza wito. Alikabidhi mambo ya Manyema kwa Sefu na jamaa zake, akashika njia ya mashariki, akaugua njiani, akawasili Unguja Julai 1891. Madai yakaondolewa pasipo hukumu. Hata hivyo gharama yake haikulipwa kwa pauni. Mtu aliyejua nguvu za Wazungu na kuweza kuwazuia vijana wasichokoze vita alikuwa mbali, na hakurudi tena Kasongo. Karatasi moja ya mahakama ilikuwa imeondoa breki ya Manyema nzima.

Mwaka 1892 breki hiyo ilihitajika. Gongo Lutete, mkuu wa Ngandu kwenye mto Lomami, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akipigana kwa niaba ya Tippu Tip, alihamia upande wa Dola baada ya kushindwa na Dhanis. Sefu alidai arudishiwe mtu wake, na alipokataliwa akavuka mpaka na jeshi. Desemba mwaka huo wawakilishi wawili wa Dola waliokuwa Kasongo, Lippens na De Bruyne, waliuawa. Nyangwe ikatekwa Machi 1893, Kasongo ikafuata mwezi uliofuata. Oktoba Sefu aliuawa vitani. Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan wa Ujiji, alikuja na majeshi yake kusaidia, akajenga maboma ya magogo kati ya Kasongo na Ziwa Tanganyika. Januari 1894 boma kubwa lililipuliwa kwa mzinga, naye Hubert Lothaire, afisa wa Kibelgiji wa Dola, akaingia Kabambare, mji wa msafara ambamo Livingstone aliwahi kulala miezi mingi akiugua vidonda vya miguu. Rumaliza akakimbilia upande wa Wajerumani. Vita vikaisha, ukabaki wakati wa kuhukumu.

Mmarekani mwenye daftari

Mohun alizaliwa mwaka 1864. Alipelekwa Boma mwaka 1892 kama wakala wa biashara wa nchi yake, ili atazame kama bidhaa za Kimarekani zingepata soko kwenye mto Kongo. Kazi hiyo haikumtosha. Alipanda mto, akajiunga na kikosi cha Chaltin, afisa wa Dola, kilichopigana na Waarabu, akashika mizinga. Mwaka 1894 alikuwa Kasongo, na kutoka hapo yeye na Hinde wakaipima Lualaba kuelekea kusini, penye maporomoko ambayo Wabelgiji waliyaita Malango ya Jehanamu.

Alichokifanya Kasongo hakikuwamo katika barua yake ya uteuzi. Serikali ya Washington haikuwa na mamlaka yoyote juu ya mauaji ya Emin, aliyekuwa Mjerumani, yaliyofanywa na raia wa Manyema katika nchi ya Leopold. Hata hivyo Mohun alipopata habari kwamba mjini kulikuwa na watu walioshuhudia kifo cha Emin, aliwafuata kama mpelelezi. Watuhumiwa walikuwa wawili, Ismailia na Mamba. Waliulizwa, wakaeleza, na maelezo yao yakaandikwa. Mohun aliyachapisha mwaka 1895 katika jarida la Century la Marekani, na kwa sehemu kubwa simulizi ya mwisho wa Emin inayojulikana duniani ni ile iliyotoka vinywani mwa watu hao wawili wa Kasongo.

Emin alikuwa ameingia katika utumishi wa Wajerumani. Aprili 1890 aliondoka Bagamoyo, mwaka huo huo akaanzisha kituo cha Bukoba, kisha akaelekea magharibi kinyume cha mategemeo ya wakubwa wake. Ndui ilishambulia msafara. Desemba 1891 alimwamuru msaidizi wake, Franz Stuhlmann, arudi na wenye afya, yeye akabaki na wagonjwa. Macho yake yalikuwa yamekaribia kupofuka. Baadaye alianza safari ya kupita katika msitu wa Kongo, akiwategemea wafanyabiashara Waarabu kwa chakula na njia. Kwa njia hiyo alifika katika kijiji cha Kinena, akasubiri ruhusa ya Kibonge, mkuu wa Kirundu kwenye mto Lualaba, ili apite katika nchi yake.

Oktoba 1892, kwa mujibu wa maungamo, Emin alikuwa amekaa mezani na karatasi zake alipoletewa habari njema: barua ya Kibonge imefika, ruhusa imetolewa. Akaombwa awaruhusu watu wake waende mashambani kutafuta chakula cha safari, na bunduki zao waziache. Walipokwisha kwenda, wawili wakamshika mikono akiwa kitini. Akaambiwa kwamba atakufa, na kwamba hilo ndilo agizo la Kibonge. Alipobisha kuwa anayo barua ya ruhusa, akaonyeshwa nyingine. Walimtoa kitini, wakamlaza, wakamchinja. Kichwa kikatiwa sandukuni kipelekwe kwa Kibonge kama uthibitisho.

Kwa kosa hilo Ismailia na Mamba walishtakiwa mbele ya baraza la kijeshi la Dola, wakahukumiwa kifo, wakanyongwa.

Hakuna sababu ya kutilia shaka kwamba walishiriki. Walikiri, na maelezo yao yaliafikiana na mambo mengine yaliyojulikana. Penye shaka ni baraza lenyewe. Aliyepeleleza alikuwa mgeni asiye na mamlaka, ambaye muda mfupi kabla alikuwa akipigana upande wa washindi. Waliohukumu walikuwa maafisa wa jeshi lililouteka mji ule. Washtakiwa hawakuwa na wakili wala ndugu wa kuwasemea, na utetezi wao pekee, kwamba walitumwa na wakubwa wao, ulielekeza kidole kwa mtu ambaye hakuwapo: Kibonge. Baraza liliukubali ushahidi huo kwa kumwinda Kibonge, wala halikuutumia kupunguza adhabu ya waliotumwa. Kwa namna hiyo kesi ya Kasongo iliwamaliza wadogo kwanza na kuacha jina la mkubwa kwenye karatasi.

Mjumbe aliyefika amechelewa

Wakati Ismailia na Mamba wanahukumiwa, Kasongo ilikuwa bado inazungumzia hukumu nyingine ya mwaka uliotangulia, ambayo iliwatia aibu hata baadhi ya maafisa wa Dola. Gongo Lutete ndiye aliyewapa Wabelgiji ushindi. Wapiganaji wake waliijua nchi, walipiga mbio mbele ya jeshi, na bila wao Dhanis asingevuka Lualaba. Septemba 1893, Dhanis akiwa Kasongo, maafisa vijana waliobaki Ngandu walimkamata Gongo kwa tuhuma za kula njama dhidi ya Dola. Miongoni mwa wasingiziaji wake walikuwamo watu walionuia kurithi nafasi yake.

Habari ilipofika Kasongo, Dhanis alimtuma Hinde haraka kwenda kusimamisha shauri. Hinde aliandika kwamba alipofika alikuta siku mbili zimepita tangu mtu huyo auawe. Usiku wa mwisho Gongo alijaribu kujinyonga seloni mwake. Walinzi wakamkata kamba, wakamzindua, na asubuhi wakampiga risasi. Mtu aliyekuwa na uwezo wa kuwaita maelfu ya wapiganaji alihukumiwa na baraza la dharura, pasipo yeyote aliyelazimika kuthibitisha mashtaka mbele ya hakimu asiyehusika, na bila nafasi ya kukata rufaa kwa Dhanis, aliyekuwa umbali wa siku chache tu.

Kosa hilo lilikuwa na miguu. Mamia ya wapiganaji wa Gongo waliandikishwa katika jeshi la Dola na kupelekwa Luluabourg, huko Kasai. Tarehe 4 Julai 1895 waliasi, wakamuua mkuu wa kituo, Pelzer. Mishahara isiyolipwa na viboko vilikuwa sababu za kutosha, lakini kifo cha mkuu wao nacho kilitajwa tangu siku zile kuwa miongoni mwa sababu. Februari 1897 uasi wa pili ulizuka Ndirfi, kaskazini mashariki, ndani ya msafara uliokuwa ukielekea mto Nile chini ya Dhanis yule yule. Waasi waliteremka kusini, na mwaka 1898 Kabambare ikaanguka mikononi mwao. Kituo kilichotekwa kutoka kwa watu wa Rumaliza kikatekwa tena na askari wa Dola yenyewe, wengi wao Watetela na watu wa jirani zao. Mabaki ya waasi yalifukuzwa hadi ukingoni mwa Tanganyika, na wa mwisho walijisalimisha kwa Wajerumani mwaka 1900. Wanavijiji wa Kabambare walilipia kesi ya Ngandu kwa nafaka, mbuzi na watoto wao, na wao hawakuwa wamemhukumu mtu.

Kutoka kwa Kibonge hadi kwa Stokes

Turudi kwenye karatasi ya Kasongo. Mwishoni mwa 1894 Lothaire alimkamata Kibonge. Tarehe 1 Januari 1895 Kibonge aliuawa kwa hukumu ya baraza la kijeshi, na damu ya Emin ilikuwa mojawapo ya mashtaka. Hadi hapo mnyororo ulikuwa umefuata utaratibu wa kueleweka: kutoka kwa walioshika kisu hadi kwa aliyeandika barua.

Lakini Lothaire alipata pia barua zilizoonyesha kwamba Kibonge alikuwa akingojea shehena ya bunduki na baruti kutoka mashariki, na mwenye shehena alikuwa Charles Stokes. Huyu alikuwa Mwairishi, mtu maarufu katika njia zote kutoka pwani hadi Buganda. Alikuja Afrika Mashariki kama mmisionari wa shirika la Kianglikana la CMS, akaoa Unyamwezi katika ukoo wa kitemi, akaacha umisionari na kuwa kiongozi wa misafara. Alijua Kiswahili kama lugha ya kazi yake, aliheshimiwa na wapagazi, na Wajerumani waliwahi kumtumia katika shughuli zao. Luteni Josué Henry alimkamata bila mapigano na kumpeleka Lindi, katika nchi ya Ituri. Jioni ya tarehe 14 Januari 1895 Lothaire alimhukumu. Alfajiri ya tarehe 15 akamnyonga.

Utaratibu aliotumia Lothaire ulifanana sana na ule wa Ngandu na wa Kasongo. Hakukuwa na mtetezi. Hukumu ilitekelezwa baada ya saa chache. Rufaa haikutajwa. Tofauti ilikuwa moja: Stokes alikuwa Mzungu na raia wa Uingereza, na sheria ya Dola yenyewe ilimpa Mzungu aliyehukumiwa kifo haki ya kukata rufaa Boma. Lothaire alikuwa amefanya kwa Mzungu jambo ambalo kwa Mwafrika lilikwisha kuwa desturi.

Habari zilipofika Ulaya mwaka huo wa 1895, magazeti ya London na Berlin yaliwaka. Serikali mbili zilimwandikia Leopold. Dola ililipa faranga 150,000 kwa Uingereza na faranga 100,000 kwa Ujerumani, kwa kuwa msafara wa Stokes ulikuwa umetoka katika koloni la Wajerumani. Pia ilikubali kumpeleka Lothaire mahakamani.

Hatimaye mwendesha mashtaka

Hapo ndipo mwendesha mashtaka wa kweli anaingia katika hadithi hii. Dola ilikuwa na mahakama Boma, ikiwa na mwanasheria mkuu wa mashtaka na manaibu wake, kwa mtindo wa Ubelgiji. Tangu mwanzo watu hao walikuwa wachache, na walikaa karibu na bahari. Kutoka Boma hadi Kasongo kulikuwa na safari ya miezi: meli, miguu kando ya maporomoko ya Kongo ya chini, meli tena, kisha mitumbwi. Mahali ambapo vita vilipiganwa, mashtaka yaliandikwa na mwenye bunduki.

Aprili 1896 Lothaire alisimama mbele ya mahakama ya Boma kwa kifo cha Stokes. Sasa kila kitu ambacho Gongo, Ismailia na Mamba walikosa kilikuwapo: hati ya mashtaka, mashahidi, watetezi, karani, na macho ya serikali za nje. Mahakama ikamwachia huru. Shauri likaenda kwa rufaa mbele ya Baraza Kuu la Dola mjini Brussels, na Agosti 1896 nalo likamwachia. Lothaire akarudi Kongo kama mkurugenzi wa kampuni ya mpira ya Anversoise katika bonde la Mongala, ambako utawala wa kampuni hiyo ulikuja kujulikana kwa ukatili.

Wengi Uingereza walisema kesi ilikuwa mchezo. Pengine. Lakini hata mchezo huo una la kutufundisha. Dola iliyosema kwa miaka mitatu kwamba msitu hauna nafasi ya taratibu ilipata karani, mtetezi na ngazi mbili za mahakama mara tu ilipolazimishwa. Umbali haukuwa kizuizi cha kweli. Kilichokuwa kimekosekana ni mtu wa kudai, mwenye nguvu za kutosha asipuuzwe.

Konsuli wa Unguja

Mohun hakukaa kuyaona yote hayo kutoka Kongo. Mwaka 1895 Marekani ilimteua konsuli wake Unguja, naye akakaa huko hadi 1897, katika mji ule ule alimokuwa akiishi Tippu Tip, baba wa Sefu. Tarehe 27 Agosti 1896 alishuhudia manowari za Uingereza zikipiga makombora kasri la Sultani kwa muda usiofika saa moja, na watu wapatao 500 wa upande wa Unguja wakauawa au kujeruhiwa. Khalid bin Barghash, aliyekuwa amekalia kiti cha enzi kinyume cha matakwa ya Waingereza, alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, na Waingereza waliokuwa wamebomoa kasri hawakuthubutu kuvuka kizingiti cha nyumba ile. Wajerumani wakamsafirisha hadi Dar es Salaam. Konsuli aliyewahoji wanyonge wa Kasongo sasa aliona kwa macho yake jinsi bendera ya taifa lenye nguvu inavyoweza kumwokoa mshtakiwa.

Rumaliza naye aliielewa siasa hiyo ya bendera. Akiwa chini ya Wajerumani, alimdai Tippu Tip mali ya ushirika wao mbele ya mahakama ya Dar es Salaam, na akashinda. Watu wawili waliowahi kugawana Manyema walimaliza ugomvi wao kwa karatasi, mawakili na hukumu, na hakuna aliyekatwa kichwa.

Mwaka 1898 Mohun aliacha utumishi wa Marekani, akaajiriwa na Leopold kuongoza msafara wa kutandaza waya wa simu kutoka Tanganyika kuelekea Stanley Falls. Waya huo ulikusudiwa kufupisha umbali uliokuwa kisingizio cha kila baraza la dharura. Mwaka 1907 alirudi tena Kongo, safari hii akiongoza watafutaji wa madini wa Kimarekani wa kampuni ya Forminière, waliokuja kugundua almasi Kasai. Alifariki mwaka 1915. Katika maisha yake ya kazi, upelelezi wa Kasongo ulikuwa sura fupi. Ndio pekee uliowapeleka watu kwenye mti.

Ripoti ya Janssens

Kesi ya Lothaire haikubadilisha utaratibu, bali ilionyesha ulipopasuka. Ripoti ya konsuli Roger Casement ilipochapishwa mwaka 1904 na kuueleza ulimwengu mateso ya watu waliolazimishwa kukusanya mpira, Leopold alilazimika kuunda tume ya uchunguzi. Mwenyekiti wake alikuwa Edmond Janssens, mwanasheria wa mashtaka katika Mahakama ya Juu ya Ubelgiji, akiwa na Baron Nisco, Mwitaliano aliyekuwa jaji wa Boma, na Edmond de Schumacher wa Uswisi. Safari hii mtu wa kazi ya mashtaka alipanda mto Kongo na kukaa barazani kuwasikiliza wanavijiji, mmoja baada ya mwingine, wakieleza waliyotendewa.

Ripoti yao ya Novemba 1905 haikuwa ya mapinduzi. Ilisifu mengi ya Dola. Lakini juu ya sheria iligusa mfupa: waendesha mashtaka walikuwa chini ya mkono wa utawala, na shauri dhidi ya Mzungu lingeweza kuzuiwa na gavana kabla halijamfikia hakimu. Mahakimu walikuwa wachache mno kwa nchi iliyo kubwa hivyo. Tume ikashauri waongezwe na wawe huru. Miaka mitatu baadaye Ubelgiji iliitwaa Kongo kutoka kwa mfalme wake, na idara ya mashtaka, parke kama inavyoitwa hadi leo Kongo, ikasogea polepole kuelekea mashariki.

Mji wa Sefu nao ulihama. Mahali uliposimama panaitwa Tongoni, na Kasongo ya leo iko mahali pengine, ikiwa bado kitovu kikubwa cha Uislamu na Kiswahili nchini Kongo. Kusini mwa Maniema hapajapungukiwa na kesi. Vita vya Simba vya 1964, vita vya 1996 hadi 2003, na vurugu za makundi yenye silaha kuzunguka migodi ya dhahabu ya Kabambare zimeacha wajane wengi kuliko mafaili. Na malalamiko yanayosikika ni ya aina ile ile: hakimu yuko mbali, mpelelezi hana usafiri, mkubwa hatajwi, aliyetumwa ndiye aliyefungwa.

Tukizipanga kesi zile nne sawasawa, Gongo Lutete, watu wawili wa Kasongo, Kibonge na Stokes, uzito wa kosa hauelezi tofauti ya hukumu zao. Gongo huenda hakuwa na kosa lolote, akapata risasi. Ismailia na Mamba walitumwa, wakapata kamba. Kibonge aliagiza, akauawa pia. Stokes aliuza bunduki, akanyongwa, lakini kifo chake peke yake ndicho kilichomfikisha muuaji mbele ya mwendesha mashtaka. Ngandu haikuwa na konsuli wa kuandika barua. London na Berlin zilikuwa nao. Mohun alithibitisha kwamba mtu mmoja mwenye daftari na nia anaweza kuufuatilia uhalifu uliotendwa msituni, mamia ya maili mbali, hadi apate ukweli. Alichokosa, na walichokosa aliowahoji, ni ofisi ya mashtaka isiyokuwa mali ya mshindi. Daftari bila ofisi hiyo humsaidia mwenye nguvu kuchagua nani afe, na mtu wa Kabambare anayedai parke yenye hakimu huru na gari la mpelelezi anadai kitu ambacho Boma ilithibitisha tangu 1896 kwamba kinawezekana.